Makro: si kukaribia tu

Neno makro limezoeleka kwa sababu ya simu. Unabonyeza alama ya ua, unasogeza simu hadi inakaribia kugusa kitu, umepiga makro. Wapiga picha wana maana kali zaidi. Kwao makro ni uwiano: taswira inayoangukia kwenye sensa, kile kibamba ndani ya kamera kinachopokea mwanga, iwe na ukubwa uleule wa kitu chenyewe. Ndiyo 1:1 inayoandikwa kwenye lenzi. Sensa ya fremu kamili ina upana wa milimita 36, basi jongoo wa milimita 36 akilala kwa urefu wake wote mbele ya lenzi hiyo, anaijaza picha ukingo hadi ukingo. Ukiichapa baadaye ikawa kubwa kama mlango, huo ni uchapishaji, si makro.

Sasa nenda kwenye msitu wa Amani, Usambara Mashariki, asubuhi baada ya mvua, ugeuze gogo lililooza. Kwenye ubavu wa chini, katikati ya nyuzi nyeupe za kuvu, utaona chembe zinarukaruka kama chumvi iliyodondokea sahani inayotikiswa. Hao ni kolembola. Wana miguu sita, ingawa wataalamu wengi siku hizi hawawaweki kundi moja na wadudu. Chini ya tumbo wana kitu kama uma, kimekunjwa na kubanwa. Kikifyatuka, mwenyewe anarushwa juu. Wengi hupumua kupitia ngozi, ndiyo maana hawabanduki kwenye unyevu.

Kolembola wa milimita mbili, kwa 1:1, anachukua sehemu moja tu ya 18 ya upana wa picha. Hajaonekana bado. Kwa hiyo wanaofuatilia viumbe hawa hupanda hadi 5:1, na hapo ndipo kazi inapoanza, kwani shida ya makro kwa kweli si kukuza. Shida ni kina. Kwa 1:1, tundu la lenzi linalopitisha mwanga likiwa f/8 (kipimo cha upana wake), sehemu inayotoka wazi ina unene wa milimita moja hivi. Kwa 5:1 inabaki kama unene wa karatasi. Jicho la kolembola likitoka wazi, mgongo tayari ni ukungu, na pumzi yako pekee inatosha kuisogeza kamera hadi jicho nalo liwe ukungu. (Mimi huegemeza kiwiko kwenye gogo lenyewe. Stendi haifiki huko chini.)

Ukibana tundu zaidi kina kinaongezeka kidogo, lakini mwanga unapungua, na ukizidisha picha nzima inapoteza uwazi. Wengi hutumia flashi iliyofunikwa kwa karatasi nyeupe, maana mgongo uliolowa hung'aa vibaya ukimulikwa moja kwa moja. Njia nyingine ni kupiga picha nyingi ukisogeza fokasi kidogo kidogo, kisha programu inaunganisha sehemu zilizo wazi.

Kwa uyoga mdogo njia hiyo haina mpinzani. Kwa kolembola, ukifika picha ya nne ameshatembeza pembe zake mbili za kupapasia, na programu inakuletea mnyama mmoja mwenye pembe nane.