Cheti cha kontrole si garanti: kabla hujalipa motokari ya okazio

Miezi hii malalamiko ya wanunuzi wa motokari za okazio, yaani zilizokwisha kutumika, yamekuwa mengi kwenye dirisha letu la kontrole tekniki, ofisi ya ukaguzi wa motokari, hapa Lubumbashi, na karibu yote yanaanza namna moja. Mtu anaingia, anatoa cheti cha kontrole tekniki chenye muhuri, anakilaza juu ya meza, kisha anauliza: "Si ninyi mlisema iko nzima?"

Hatukusema hivyo. Tulisema kwamba siku ile breki zilishika, taa ziliwaka, usukani haukuwa umelegea, matairi yalikuwa na meno na moshi haukupita kiasi. Moteri hatukuifungua. Kompresyo hatukuipima. Bwate ya vitesi, yaani sanduku la gia, hatukuishusha. Kontrole inatazama kama motokari inaweza kutembea barabarani bila kuua watu. Haitazami kama itakaa miaka mitano bila kukutoa pesa. Naelewa uchungu wa mtu aliyekusanya dola moja moja muda mrefu, lakini jambo hili limeelezwa mara nyingi na bado kila wiki linarudi palepale.

Mama mmoja wa Ruashi, anayepeleka unga sokoni, alinunua Toyota Noah kwa ajili ya kazi yake. Wiki ya tatu bwate ilikufa kwenye njia ya Kipushi, mzigo ukiwa ndani. Alikuja na cheti chetu, karatasi ya asiransi, yaani bima, na ukurasa wa daftari ulioandikwa "Nimepokea pesa ya motokari" bila nambari ya shasi, bila kilometa, bila anwani. Namba ya simu iliyokuwa chini ilikuwa ya komisioneri, yaani dalali, si ya mwenye motokari. Nilipomuuliza garanti yake iko wapi, alinionyesha zile karatasi tatu. Hakuna hata moja iliyokuwa garanti.

Cheti nimekwisha kukieleza. Asiransi ya lazima, ile inayotakiwa na sheria, inalipa madhara unayomletea mtu mwingine ukimgonga au ukimharibia mali. Moteri yako ikipasuka, haihusiki kitu. Hata tangu Kanuni ya asiransi ya mwaka 2015 ilipofungua soko na kampuni za watu binafsi zikaingia, hilo halikubadilika. Na risiti inaonyesha kwamba pesa imetoka mkononi mwako, basi.

Garanti ni ahadi. Ina mtu anayeitoa, ina muda, ina sehemu za motokari inazofunika, na inasema nani analipa zikiharibika. Muuzaji anapokuambia "garanti ni mimi mwenyewe, unanijua," amekuambia neno la heshima, na pengine analimaanisha kweli, lakini hajakupa garanti.

Wengine wanatuletea makaratasi ya Japani na kusema motokari yao "ilisetifiwa kule". Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu makaratasi hayo yana faida kubwa kama mtu anajua kuyasoma. Kule motokari ndogo ya watu inapita ukaguzi wa serikali, wanaouita shaken, mara ya kwanza ikiwa na miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2. Inapofutwa ili iuzwe nje, inapewa cheti cha kusafirishia, na juu ya cheti hicho zimeandikwa kilometa zilizosomwa kwenye ukaguzi wa mwisho. Basi kama cheti kinasema 118,000 na dashibodi mbele yako inasema 64,000, huna haja ya fundi wala ya mwanasheria. Kuna pia karatasi ya mnada, kwa kuwa nyingi zinapita minadani kabla ya kupakiwa melini. Hiyo inatoa alama: 4 au 4.5 ni motokari iliyotunzwa, 3.5 imechoka kiasi, na herufi R au RA inamaanisha iliwahi kugongwa ikatengenezwa. Muuzaji anayesema ana karatasi hiyo lakini hawezi kuionyesha, usibishane naye, endelea na safari yako.

Motokari za soko la Japani hazina nambari ya herufi na tarakimu 17 mnayoiona kwenye zile zinazotoka Ulaya. Zina nambari ya shasi yenye jina la aina mbele, kistari, kisha tarakimu. Watu wanadhani nambari fupi ni nambari ya kughushi. Siyo. Ya kughushi ni ile iliyochongwa upya, yenye alama za grainda pembeni au rangi mpya iliyopakwa hapo tu. Iguse kwa kidole.

Na garanti ya kiwanda? Toyota kule Japani inauza okazio zilizokaguliwa na kupewa garanti ya mwaka mmoja bila kikomo cha kilometa, lakini kazi inafanywa kwa mawakala wa kulekule, haivuki bahari. Marekani, okazio iliyothibitishwa na Toyota inapita orodha ya pointi 160, inapewa miezi 12 au maili 12,000 kwa motokari kwa jumla, na kwa moteri na mfumo wa kuendesha magurudumu miaka 7 au maili 100,000, ikihesabiwa tangu motokari ilipoanza kutumika mara ya kwanza, si tangu ulipoinunua wewe. Tena tangu mwaka 1985 muuzaji wa okazio kule analazimishwa kubandika karatasi kwenye dirisha inayosema kama kuna garanti au motokari inauzwa kama ilivyo. Nayataja haya ili muone garanti ya kweli inavyosemwa: muda, umbali, sehemu, mwanzo wa hesabu. Si ili mtu aje kudai kwetu miaka 7 ya Marekani. Wapo waliodai.

Motokari ikitoka melini Dar es Salaam inapita Tunduma na Nakonde, inakata Zambia hadi mpakani Kasumbalesa, karibu kilometa 2,000 mpaka hapa kwetu. Nyingine zinabebwa, nyingine zinaendeshwa kwa magurudumu yake na dereva anayefukuza siku. "Imetoka Japani juzi" haina maana ya kwamba haijachoka. Inua zulia utazame chini ya viti, vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho: matope makavu au kutu kwenye reli za viti ni dalili kwamba maji yaliwahi kuingia. Tairi lina tarakimu nne ndani ya kiduara. 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Washa moteri ikiwa baridi, asubuhi, si baada ya muuzaji kuipasha. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe mzito usioisha, maji yanaingia pasipotakiwa. Na kwa bwate za otomatiki za aina ya CVT, uliza oili gani ilitiwa mara ya mwisho. Bwate hizo zina oili yake. Wanaotia yoyote inayopatikana wanaziua polepole, na anayelipa ni mnunuzi anayefuata.

Jambo la usukani linanisumbua zaidi ya yote. Sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, lakini Japani, Zambia na Tanzania wanaendesha kushoto, kwa hiyo motokari nyingi zinazoingia kwa Kasumbalesa zina usukani kulia. Watu wanafikiri shida ni kuovateki tu. Kuna taa pia. Taa za motokari iliyotengenezwa kwa ajili ya kushoto zinatupa mwanga zaidi upande wa kushoto, na huku kwetu huko ndiko anakotoka mwenzako. Ukimpofusha kwenye barabara ya Likasi usiku, kosa si la macho yake. Kupanga taa upya au kuzibadilisha ni kazi ndogo, na tunaiomba kila mara. Hatari zaidi ni usukani uliohamishwa. Fundi anakata, anachomelea, anavuta fimbo ya breki kutoka upande mmoja hadi mwingine, na mto wa hewa unabaki bila waya au unatolewa kabisa. Motokari ya namna hiyo inaweza kupita siku moja mbele ya macho, ikaachia barabarani. Ukiona chomelea mpya chini ya dashibodi, au tundu lililozibwa ukutani mwa moteri, usinunue hata kwa nusu bei.

Sasa sheria, kwa sababu wengi wanadhani bila garanti ya kuandikwa hawana haki yoyote. Hilo nalo si kweli. Kitabu cha tatu cha Kanuni ya kiraia, kinachotoka katika dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, kinamfunga muuzaji kwa kasoro zilizofichika zinazofanya kitu kisifae kwa kazi yake. Mnunuzi anaweza kurudisha motokari na kudai pesa yake, au kubaki nayo na kurudishiwa sehemu ya bei. Kasoro inayoonekana haimo: huwezi kununua motokari yenye kioo kilichopasuka, kisha ukarudi kulalamikia kioo. Iliyouzwa kwa mnada wa mahakama haimo pia. Na wanaouziana wanaweza kuandika kwamba hakuna garanti, mnunuzi akakubali. Lakini muuzaji aliyeijua kasoro akanyamaza halindwi na maneno hayo. Hapo ndipo kilometa zilizorudishwa nyuma zinapokuwa na uzito, kwa sababu hakuna anayezirudisha kwa kusahau.

Kama wewe ni mfanyabiashara na umenunua kwa mfanyabiashara kwa ajili ya biashara, sheria nyingine inaingia, ile ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za biashara za pamoja, ambao Kongo iko ndani yake tangu 2012. Kasoro inayoonekana lazima uitangaze ndani ya mwezi mmoja baada ya kupokea. Iliyofichika, ndani ya mwaka mmoja tangu ulipoigundua au ulipopaswa kuigundua. Muda ukipita, haki imepita. Mtu wa kawaida naye asijidanganye kwamba ana muda wote: kila wiki unayoendelea kuendesha motokari mbovu inampa muuzaji la kusema, kwamba uliiharibu wewe.

Kuhusu adhabu, kwa kuwa watu hutuuliza: anayeghushi karatasi, iwe ya dwane, yaani forodha, ya shasi au cheti chetu, anaangukia kifungu cha 124 cha Kanuni ya adhabu, miezi 6 hadi miaka 5 ya kifungo na faini, au moja tu ya adhabu hizo, na anayeitumia akijua ni ya uongo hana usalama zaidi. Utapeli, kifungu cha 98, ni miezi 3 hadi miaka 5 na faini, au moja tu ya hizo. Sisi hatufungi mtu. Tunatoa maelezo ya kitaalamu pale parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, inapoyaomba, na kazi yetu inaishia hapo. Vilevile ofisi haitaji muuzaji mzuri wala garaji nzuri, hata ukituuliza kwa upole namna gani.

Tunachoweza kusema ni kinachopaswa kuandikwa. Mkataba uwe na majina kamili ya mwenye motokari na anwani anapokaa, si ya komisioneri. Nambari ya shasi na ya moteri, mlizozisoma wenyewe kwenye chuma. Kilometa za siku hiyo. Kasoro ambazo muuzaji anazikubali. Kisha garanti yenyewe: kwa mfano miezi 3 au kilometa 5,000, kipi kitatangulia, inafunika moteri, bwate na difransieli, matengenezo yatafanywa garaji gani, nani analipa kuivuta ikilala njiani. Hilo la mwisho kila mtu analisahau, na kuvuta motokari kutoka Kolwezi kunaweza kukugharimu kuliko kipande kilichovunjika. Msaini mbele ya noteri, kila mmoja abaki na nakala. Ukiweza, bakiza sehemu ya pesa mpaka karte roze, yaani kadi ya usajili wa motokari, itoke kwa jina lako. Muuzaji mwenye makaratasi yake sawa, yaani deklarasyo ya dwane, kitansi za malipo na cheti cha kusafirishia, hilo halimtishi. Na kabla ya yote hayo, ipeleke kwa mekanisie uliyemchagua wewe. Si yule aliyesimama hapo parkini akisema hamfahamu muuzaji.

Motokari ikiharibika ndani ya garanti, isimamishe. Usiwape vijana wa jirani waifungue "waone tu". Ikishafunguliwa na mwingine, muuzaji atasema kipande kilibadilishwa, na hatutakuwa na njia ya kumpinga. Mwandikie barua, si ujumbe wa simu peke yake, utaje tarehe, kilometa na kilichotokea, na nakala yako isainiwe kwamba imepokelewa. Akikataa kusaini, ipeleke kwa huissier, ofisa wa mahakama anayefikisha barua rasmi, yeye atathibitisha kwamba imefika. Kama alitengeneza kwanza kisha ikaharibika tena, omba kipande cha zamani, kitie mfukoni, andika juu yake tarehe na nambari ya shasi. Yule mama wa Ruashi alikuwa ameshauza bwate yake iliyokufa kama chuma chakavu, ili apate pesa ya kuivuta motokari. Tulipoombwa kuikagua, hapakuwa na kitu cha kukagua.