Jiwe Likilia Kama Kengele, Usilipasue

Wiki iliyopita nimepigiwa simu tena, safari hii kutoka kilima kimoja nje kidogo ya mji wa Iringa. "Mzee, tumepata jiwe linalolia kama kengele. Lina uvungu ndani, Mjerumani kaacha mali." Nilipofika, vijana walishalipasua kwa moto na nyundo. Ndani ya jiwe kulikuwa na jiwe. Nikagonga kipande kilichobaki: ko, ko. Basi tena.

Uvungu haulii ngeee. Muulize fundi yeyote wa vigae: kigae chenye uvungu chini hutoa mlio mzito, bof, ndiyo maana hukibandua. Jiwe linaloita ni zima, halina ufa, tena halijabanwa. Hilo la kubanwa ndilo hawataki kunisikiliza.

Kumbuka kengele ya shule ya msingi, ile rimu ya gari inayoning'inia mtini kwa waya. Igonge, inaita mpaka bondeni. Ishike kwa kiganja, inanyamaza. Ilaze kwenye udongo, hata darasa la jirani hawasikii. Chuma ni kilekile! Sasa majabali yetu ya itale hubanduka magamba kama kitunguu. Gamba likilalia vijiwe viwili vitatu tu, linabaki huru kutetemeka. Vijiwe vikikaa asilimia 22 hivi ya urefu kutoka kila ncha, ndipo mlio unadumu, kwa sababu hapo gamba lenyewe halichezi. Vibao vya marimba hushikiliwa papo hapo. Sogeza kijiwe, sauti inafifia.

Kwa hiyo nakubali, uwazi upo. Ila upo chini ya gamba, unaingia vidole, na ukiinama unaona mwanga upande wa pili.

Wala msinitajie Gangilonga, lile jabali maarufu la Iringa. Kweli, kwa Kihehe ni "jiwe linaloongea", lakini jabali nene lililokaa ardhini hurudisha sauti ya mtu, halitoi yake.

Moru, kule Serengeti, lipo jiwe la kugonga lenye vishimo vya mapigo. Vishimo vinathibitisha mkono uligonga. Havisemi kama uliomba mvua, uliita watu au ulicheza, na sisi tunaochunguza mambo ya kale huandika "tambiko" haraka mno. Hata mimi nimeandika.

Niliwauliza vijana gamba lao lilikuwa limelalia wapi. Wakanionyesha vijiwe vitatu, bado vipo mahali pake, juu vina vumbi kavu lisilowahi kuguswa na mvua.