Uelewa wa afya na hedhi ya msichana wa chuo

Pita nyuma ya bweni la wasichana Jumamosi asubuhi, utazame kamba za nguo. Juu zimetandazwa kanga na mashuka. Chini ya kanga moja, jua lisipofika, kimefichwa kitambaa cha hedhi. Aliyekianika amekifua kwa sabuni mpaka maji yakatoka meupe, kwa hiyo usafi anaujua. Labda hajui kwamba jua ndilo linalokikausha mpaka ndani na kupunguza vijidudu, na kwamba kikivaliwa na unyevu kinaweza kumletea muwasho. Au analijua hilo vizuri, ila aibu imemzidi nguvu.

Uelewa wa afya unahusu yote mawili. Ni uwezo wa kuitafuta habari ya afya, kuielewa, kuipima kama ni ya kweli, kisha kuitumia. Mwaka 2000 mtaalamu Don Nutbeam aliugawa katika ngazi tatu.

Ya kwanza ni kusoma maelekezo na kuyafuata. Pedi hubadilishwa kila baada ya saa 4 hadi 6, hata kama haijajaa. Tamponi, yaani kipamba kinachoingizwa ukeni, isikae zaidi ya saa 8. Mikono ioshwe kabla na baada.

Ya pili ni kuuliza na kueleza, na hapa ndipo wengi wetu tunapokwama. Pwani, aliyevunja ungo alikuwa na somo wake wa kumfunda na kumjibu. Leo binti anafika chuoni akiwa na simu tu, na aliyoambiwa nyumbani ni kwamba maumivu ni kawaida ya wanawake, avumilie. Pedi inalowa kila saa, kwa saa kadhaa mfululizo, damu inatoka zaidi ya siku 7, anasikia kizunguzungu akipanda ngazi za ukumbi wa mihadhara, na bado haendi zahanati. Hiyo ni hedhi nzito, inaweza kumwachia upungufu wa damu, na ina tiba. Akimwambia muuguzi "nabadilisha kila saa" badala ya "najisikia vibaya", atasaidiwa upesi.

Ngazi ya tatu ni kuchambua. Ujumbe wa WhatsApp unamhimiza ajisafishe ndani kwa sabuni au kwa dawa yenye manukato. Mwenye uelewa atauliza: nani kasema, na anauza nini? Uke hujisafisha wenyewe. Sabuni huwaua bakteria wanaoulinda.

Uchambuzi huohuo hufika mpaka kwenye bei. Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwenye taulo za kike mwaka 2018, ikairudisha 2019 kwa maelezo kwamba bei madukani hazikushuka. Binti anayelifahamu hilo anajua kwamba maamuzi ya viongozi huigusa hedhi yake, na wagombea wa serikali ya wanafunzi wakija kuomba kura, ana la kuwadai: choo chenye maji, ndoo yenye mfuniko, na mlango unaofungwa kwa ndani.