Mashine ya kupumulia usiku ikisafiri kwa ndege: maswali ya familia

Mzee anakoroma mpaka chumba cha pili wanasikia, halafu kimya. Sekunde kumi, ishirini, kisha anashtuka kama mtu aliyekuwa anazama. Daktari alimpima usingizini akasema njia ya hewa kooni inajifunga akilala, akampa mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo libaki wazi. Sasa ana tiketi ya Mumbai, anaondokea Dar es Salaam, na watoto wana maswali.

Iwekwe begi kubwa au la mkononi?

La mkononi, na hapo sina mjadala. Begi kubwa hurushwa, huchelewa, mara nyingine hutua nchi tofauti na mwenyewe. CPAP si shati useme utaazima la mwenyeji wako. Akilala bila mashine, kukatika pumzi kunarudi usiku uleule, na asubuhi anaamka na kichwa kizito na kusinzia ovyo. Mashirika mengi hayaihesabu kwenye kilo za begi la mkononi kwa kuwa ni kifaa cha tiba, ila si yote, hivyo wapigieni simu siku kadhaa kabla.

Pale uwanja wa ndege wa Nyerere si watamsumbua?

Jengo la Tatu, linalohudumia safari za kimataifa tangu 2019, lina ukaguzi kama viwanja vingine: mizigo inapita kwenye eksrei. Eksrei haiidhuru mashine. Aitoe kwenye mkoba wake mapema na kuilaza kwenye trei peke yake, asisubiri aambiwe foleni ikiwa imejaa nyuma yake. Afisa anaweza kuipangusa kwa kitambaa kidogo kutafuta mabaki ya vilipuzi. Hilo ni la kawaida. Trei hizo zimebeba viatu vya abiria wengi, kwa hiyo atandike kitambaa safi, na barakoa ibaki ndani ya mfuko wake. Afisa akitaka kuishika, si utovu wa adabu kumwomba avae glavu mpya.

Na namna ya kuieleza ina maana. Asiseme "mashine ya oksijeni". Haina oksijeni, inavuta hewa hiihii ya chumbani na kuisukuma kwa nguvu. Mtungi wa oksijeni una masharti yake makali, na neno moja likiteleza mtaanza kuelezana upya. "Afande, hii ni mashine ya kupumulia usingizini, barua ya daktari hii hapa." Yatosha. Barua iwe ya Kiingereza, itaje ugonjwa, mashine, na kiwango cha presha ya hewa alichopangiwa.

Maji ya kwenye tangi, yale yanayotia hewa unyevu?

Amwage yote asubuhi ya safari, apanguse, tangi likauke. Watu hudhani tatizo ni ile sheria ya vimiminika visivyozidi mililita 100 begi la mkononi tu. Tatizo kubwa ni mkanda wa eksrei: mashine ikiinama kidogo, maji yaliyobaki yanatiririka hadi kwenye mota, na mota ikilowa safari imeharibika.

Akifika, atumie maji yaliyotoneshwa (distilled water), yanapatikana kwenye maduka ya dawa. Tafadhali asijaze "maji ya betri" ya kituo cha mafuta, hata akirudi nyumbani: chupa za jina hilo nyingine ni asidi, na huo ni mvuke wa kuingia mapafuni. Akikwama siku moja mbili, maji ya kunywa ya chupa yanafaa, amwage kila asubuhi. Maji ya kisima yenye chumvi, kama tuliyo nayo mitaa mingi ya Dar, yataacha ukoko mweupe kama wa ndani ya birika.

Betri yake inaruhusiwa?

Ya lithiamu hadi wati-saa 100 inaruhusiwa, na ya akiba ikae begi la mkononi, kamwe si kwenye mizigo ya chini. Kati ya 100 na 160 lazima shirika likubali, na za akiba zisizidi mbili. Kama haikuandikwa, zidisha volti kwa ampea-saa: volti 24 mara ampea-saa 4 ni 96, anapita. Ncha zifunikwe kwa utepe wa gundi zisigusane na funguo.

Umeme wa kule?

India ni volti 230 kama kwetu, ila soketi zake ni za pini za duara, si hizi zetu za bapa. Adapta inatosha.

Anaweza kuitumia ndani ya ndege?

Shirika likiridhia, ndiyo, lakini bila maji tangini, ndege ikiyumba yatamwagika. Asitegemee soketi ya kwenye kiti. Nyingine hazina nguvu ya kutosha. Asiyeitumia akae macho kadiri awezavyo, aache bia na vidonge vya usingizi, kwani vyote hulegeza koo zaidi.

Mzee anaona aibu kuivaa mbele za watu.

Mkumbusheni anavyokoroma.