Je, wajua? Magnesiamu isiyolowa haina uso laini

Magnesiamu ni metali nyepesi: sentimita moja ya ujazo ina gramu 1.74, wakati alumini ina 2.7. Ndiyo maana aloi zake (yaani michanganyiko yake na metali nyingine) zimo kwenye fremu za usukani wa magari na makasha ya kompyuta mpakato. Adui yake ni maji, hasa ya chumvi, yanayoitafuna na kuacha unga mweupe na mapovu ya hidrojeni.

Dawa mojawapo ni kuifanya isilowe. Hapa nilijidanganya miaka mingi. Nilidhani uso ukisuguliwa ukawa laini kama kioo, kisha ukapakwa kitu cha mafuta, maji yatateleza yenyewe. Kumbe ni kinyume. Kwenye uso laini, hata wenye kemikali bora za florini, tone hujikunja hadi pembe kati ya ukingo wake na uso, ikipimwa ndani ya maji, ifike nyuzi kama 120, na kuishia hapo. Ili livuke 150 na kubingirika kama gololi, uso unatakiwa uwe na vinundu. Jani la mgimbi ni hivyohivyo: chini ya hadubini limejaa vijichuguu vyenye nta.

Fikiria godoro juu ya chaga. Ukitazama kwa juu, limefunika kitanda kizima. Ukichungulia uvunguni, limegusa mbao chache tu, kwingine ni hewa. Tone nalo hukaa juu ya ncha za vinundu, na chumvi iliyomo haiifikii metali kirahisi. Ila chaga zikiachana mno, au mtu mzito akilala, godoro hubonyea katikati. Maji nayo yakisukumwa kwa nguvu huzama kati ya vinundu, na hapo hugusa eneo kubwa zaidi na kung'ang'ania badala ya kubingirika.

Maabara nyingi huichimba metali kwa tindikali, kisha huichovya kwenye asidi ya steariki, ambayo imo hata kwenye mafuta ya ng'ombe. Vichwa vya molekuli hushika metali, mikia ya mafuta hutazama nje. Kinachopatikana ni ndugu wa ule utando mweupe unaoganda kwenye beseni ukifua kwa sabuni na maji magumu ya kisima. Uchafu wa beseni, leo ni kinga!

Lakini majaribio mengi ni ya vipande vidogo ndani ya maji ya chumvi, kwa saa au siku kadhaa, si miaka barabarani. Hewa iliyo kati ya vinundu huyeyuka polepole majini, na vinundu hukwanguka hata kwa ukucha.