Temeke: yanayosemwa na yaliyopo

"Temeke hakuna cha kuona."
Wengi wanaosema hivi wameshafika Temeke, wilaya hii ya Dar es Salaam, mara kibao bila kujijua. Uwanja wa Benjamin Mkapa, ule wa mashabiki 60,000, uko Temeke. Viwanja vya maonyesho ya biashara ya Sabasaba, Barabara ya Kilwa, ni Temeke. Na jirani kabisa na Mkapa upo Uwanja wa Uhuru, ambako usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 bendera ya Mwingereza ilishushwa, ya Tanganyika ikapanda. Watu wanapita hapo na jezi zao, wanawahi geti, hata shingo hawageuzi. Mgeni wangu akija Dar, namwanzishia hapo kabla ya Coco Beach.

"Ni pembezoni mwa jiji."
Sensa ya 2022 iliikuta Temeke na watu 1,346,674. Kinondoni, inayojiona ndiyo Dar yenyewe, ilikuwa na 982,328. Ni Ilala tu iliyoizidi. Na umbali? Toka Kariakoo, vuka Barabara ya Nyerere, uko Keko, tayari Temeke.

"Keko ni gereza tu."
Gereza lipo, kweli. Ila mwenye nyumba anayejua mambo huijua Keko kwa mafundi seremala. Vitanda, makabati na fremu za makochi hupangwa nje hadi kando ya barabara, vumbi la mbao hewani, msasa haupumziki. Ukitaka kununua, usidanganywe na vanishi. Vuta droo, itoe kabisa, igeuze. Halafu zunguka nyuma ya kabati. Unaweza kukuta mbele mninga, nyuma plaiwudi nyepesi. Fundi akikasirika kwa ukaguzi huo, nenda kwa jirani yake. Na bei ya kwanza kutajwa ni salamu tu, itikia kwa kushusha.

"Wahuni watupu."
Vibaka wapo, tusifichane. Soko la Tandika lina msongamano, na mtu aliyeinamia rundo la mitumba huku simu ikining'inia mfuko wa nyuma anajitafutia mwenyewe. Begi liwe mbele, simu ndani. Lakini tabia hiyo unaihitaji Kariakoo pia, wala hakuna anayesusa Kariakoo. Taharuki ile ya Panya Road, kundi la vijana waporaji, Januari 2015, iliitikisa Magomeni, na Magomeni haiko Temeke. Sifa mbaya tu ndiyo imeng'ang'ania upande mmoja.

"Nenda wakati wa Sabasaba au siku ya watani."
Hapo utaona foleni. Simba na Yanga wakikutana kwa Mkapa, Chang'ombe yote husimama. Sabasaba nayo, mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Julai, huijaza Barabara ya Kilwa. Chagua siku ya kawaida. Asubuhi Tandika, kabla jua halijakuwa kali na nguo nzuri hazijachaguliwa. Mchana Keko. Jioni shuka Mbagala Rangi Tatu, yanakoshusha mabasi ya Lindi na Mtwara, usikilize lafudhi za Kusini zikipatana bei ya bodaboda. Muhogo wa kukaanga na kachumbari hauko mbali, ila beba pesa ndogo ndogo, maana ukitoa noti ya elfu kumi utasubiri chenji mpaka muhogo upoe.