Ostiopathia si ostioporosisi, jamani

Jumamosi iliyopita chama chetu kilikutana South B, na kabla chai haijamiminwa Mama Shiro akatutangazia kwamba ameanza "kufanyiwa ostioporosisi" kila wiki, na mgongo umeanza kulegea. Hakuna aliyecheka. Wawili waliomba namba ya simu. Nilinyamaza, ingawa siku chache kabla nilikuwa nimemsikia abiria kwenye matatu ya Lang'ata akisema mamake "ana ostiopathia ya nyonga". Maneno haya mawili yamebadilishana viti na hakuna konda wa kuyarudisha.

Kwa ufupi: ostiopathia ni tiba ya mikono. Mtaalamu hupapasa mwili, hunyoosha misuli, husogeza viungo taratibu. Ostioporosisi ni ugonjwa, mifupa kuwa hafifu na yenye matundu ndani hata kuteleza bafuni kukatosha kuivunja. Moja unaiendea, nyingine inakujia.

Yote mawili yanaanza na neno la Kigiriki la mfupa, osteon. Porosisi inatoka kwenye poros, yaani kipenyo au tundu, na hapo hakuna ugomvi. Fujo iko kwenye pathia. Pathos ni mateso, ni maumivu, ni hisia. Hospitalini ukilisikia mwishoni mwa neno, mara nyingi linataja ugonjwa: mwenye kisukari miguu ikimchoma na kufa ganzi, ataambiwa ana nuropathia. Kwa kanuni hiyo ostiopathia ingekuwa ugonjwa wa mifupa, na yule abiria wa Lang'ata alikuwa na haki kuliko nilivyompa.

Aliyetuvuruga ni Andrew Taylor Still, daktari wa Marekani. Mwaka 1864 alifiwa na watoto watatu kwa homa ya uti wa mgongo, na dawa za zama zake, zebaki ikiwemo, zikamtoka moyoni kabisa. Mwaka 1874 akatangaza njia yake mpya. Aliona kwamba kutafuta chanzo cha maradhi kuanzie kwenye mfupa, ndiyo maana akaunganisha maneno yale. Kwake mfupa ulikuwa mlango tu wa kuingilia mwili mzima. Mwaka 1892 alifungua chuo Kirksville, Missouri, na wanawake wakaruhusiwa tangu darasa la kwanza, jambo lisilokuwa la kawaida wakati ule.

Na wenye ostiopathia wenyewe hawajakubaliana. Marekani, aliyehitimu udaktari wa ostiopathia ni daktari kamili, huandika dawa na hufanya upasuaji. Uingereza, chini ya sheria ya 1993, ni mtaalamu aliyesajiliwa wa tiba ya mikono, basi. Ukiona kibao hapa Nairobi, uliza kwanza mwenyewe alisomea wapi.

Sasa, kwa nini mkanganyiko huu unawasumbua wanawake wa rika letu hasa? Hedhi huhesabiwa imekoma ukimaliza miezi 12 bila kuona siku zako, na kwa wengi hutokea kati ya miaka 45 na 55. Estrojeni, homoni ya kike, inashuka, linakuja lile joto la ghafla, usingizi unakatika, viungo vinauma. Mikono yenye ujuzi inaweza kutuliza mgongo, shingo na mabega, na aliyepungukiwa maumivu hulala. Hilo sikatai. Lakini mikono hairudishi estrojeni, na ushahidi kwamba inapunguza joto la ghafla ni mwembamba mno; kwa hilo mwulize daktari kuhusu tiba ya homoni.

Na estrojeni hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikilinda mifupa. Kwa hiyo mama anayeenda kwenye ile ya kwanza ndiye yuleyule anayenyemelewa na ya pili, tena bila habari, kwa sababu ostioporosisi haiumi mpaka kitu kivunjike. Mgongo wa namna hiyo haufai kupewa ule msukumo wa ghafla unaolia "ko!". Mtaalamu makini atakuuliza kabla hajakugusa: umewahi kuvunjika? Umetumia dawa za steroidi muda mrefu? Mamako alivunjika nyonga? Lakini mwenye mifupa hafifu akiingia na kusema "nina historia ya ostiopathia", atakayemsikiliza ataelewa kwamba alishawahi kutibiwa hivyo, na ataendelea kukunja mikono ya shati.

Mwezi ujao chama kiko kwangu. Nitamvuta Mama Shiro jikoni, mbali na wale wawili wenye namba ya simu, nimwambie anachofanyiwa ni ostiopathia, na kama mgongo umelegea, heri. Halafu nitamwuliza, polepole, kama amewahi kupimwa ile nyingine.